Anayefua Ovaroli

Muuguzi alirudia kusoma majibu ya damu, kisha akauliza, "Kaka Adinani, nguo zako za kazi anazifua nani?"

Adinani alikuwa amechoka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri chakavu, katika karakana moja ya Ng'ambo. Tangu wapimaji waanze kuja, alishazoea kuambiwa kwamba sumu ya risasi imo mwilini mwake. Safari hii walitaka kumpima na mkewe, naye akaja hapo karakanani.

"Ninafua mimi," mkewe alijibu. "Ninazikung'uta vumbi kwanza, ndipo ninaziloweka."

Muuguzi alishusha sauti. "Sumu iliyo kwenye damu yako imezidi yake, dada. Na hizo mimba ulizotuambia ziliharibika, huenda chanzo ni hicho."

Mimba tatu. Walikwenda hadi Ulyankulu kutafuta dawa. Ndugu zake Adinani walimsema sana mwanamke wa watu, na Adinani hakumtetea.

Sasa aliitazama mikono ya mkewe iliyotulia mapajani. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni, na weusi ulikuwa umeganda kwenye kucha. Alishindwa kuinua macho amtazame usoni.

Alisimama, akafungua vifungo vya ovaroli kimoja kimoja, akalivua mbele ya watu wote, akabaki na fulana na bukta.

"Lete," mkewe alisema kwa mazoea, akinyoosha mkono.

"Usiliguse!" Adinani alifoka, akalisogeza mbali naye.