Pingamizi Moja Tu

"Wajumbe, nauliza mara ya kwanza: kuna pingamizi?" Sauti ya mwenyekiti ilitoka kwenye simu iliyokuwa mezani.

Nilifungua mdomo. Shemeji, aliyesimama nyuma ya kiti changu, akanishindilia kiganja mdomoni hadi jino la mbele likavunjika.

Lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyokuwa ikijadiliwa niliiunda mimi, kwa miaka tisa, kwenye meza hii hii. Sasa kamati inayoisimamia ilikuwa inaikabidhi kwa kampuni ya shemeji, iwe ndiyo ya kuamua kipi kiingie kwenye lugha na kipi kitolewe. Sauti moja ya kukataa ingetosha kuzuia. Anayenyamaza amekubali. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe, mjinga mimi!

"Mara ya pili."

Nilimng'ata kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Hakuguna hata kidogo, jitu lile. Alinikaba koo kwa mkono mwingine, mkanda wa saa yake ukanichana ngozi.

Dada yangu, karani wa kamati, alikaa ng'ambo ya meza na kalamu yake. Nilimtolea macho. Kisha nikaipiga meza teke kwa nguvu zote zilizobaki, simu ikaruka.

"Mara ya tatu. Karani, kishindo gani hicho?"

Dada alinitazama damu ikinichuruzika kidevuni. Akamtazama mumewe. Akaivuta simu karibu na mdomo wake.

"Ni mlango tu, mwenyekiti, umepigwa na upepo. Huku hakuna pingamizi."