Pua ya Mama Philomène

Mama Philomène alikunja pua, na Guelord akajua palepale kwamba aya yake ya pili imekufa.

Akaacha kusoma. Akaitazama ile aya, ndefu, imevaa maneno makubwa makubwa kuhusu reli za Ulaya. Wiki iliyopita aliinyofoa nzima nzima kwenye simu, hata nukta hakugusa. Sasa huyu mama amejuaje? Hana simu mkononi, hana kitabu mezani. Amenusa tu. Guelord akapiga mstari juu ya reli za Ulaya zote.

Rafiki yake Chérubin ndiye aliyemtuma huku. Chérubin mwenyewe alipita kwa Mama Philomène mwaka jana, akaokoka.

"Yule mama anasaidiaka wanafunzi kuandika, lakini hasemi," alimwambia. "Anaogopa akikupa neno hata moja, kazi haiko yako tena. Wewe soma tu polepole, uangalie mwili wake. Mwili njo mwalimu."

Kusema kwenyewe hata kusingefaa, maana kilikuwa chumba cha kusomea cha parokia, na mlangoni waliandika KIMYA kwa herufi za kutisha. Watu wote humo walinong'ona. Mama Philomène alimkalisha Guelord anapokalisha kila mwanafunzi, mgongo kwenye dirisha, ili mwanga uangukie karatasi. Nje mama wa samaki walipita na mabeseni yao kichwani kama kila asubuhi. Guelord hakuwa na habari nao. Utangulizi wa kazi yake ya kumaliza chuo ulikwisha kukataliwa mara moja, kesho angeupeleka tena mbele ya walimu, na baba yake alikwisha kusema neno lake: ukianguka tena, unakwenda Kabimba kubeba simenti. Mgongo wa Guelord, mwembamba ule, ulianza kuuma tangu siku hiyo.

Akaendelea na aya ya tatu, juu ya umuhimu wa uchukuzi kwa ujumla. Mama Philomène akabana midomo, kichwa kikaenda kushoto, kikarudi kulia. Haya, ya tatu nayo ikazikwa. Kwenye aya ya nne mama akalaza kiganja cha kushoto, akakipiga katikati kwa ubavu wa mkono wa kulia. Nusu! Guelord akakata nusu. Mwaka mzima walimu walikuwa wanamwambia "jitahidi, jitahidi", na leo mtu asiyefungua kinywa alikuwa anamfundisha kila kitu.

Kisha mama akachongoa midomo kumwelekea yeye, kidevu juu, kama tunavyoonyesha kitu mikono ikiwa na kazi.

Mimi? Guelord akajitazama kifuani. Akazitazama karatasi zake. Kurasa nzima juu ya reli ya Kalemie, na yeye mjukuu wa mtu wa reli hamo hata kwa bahati mbaya. Loo! Akashika kalamu, akaandika kama mtu anayefukuzwa. Akaandika kwamba babu yake, hata baada ya kustaafu, hakukubali mtu ale nyumbani kabla treni haijapiga filimbi. Treni ikichelewa, bukari, ugali wetu, nayo ilichelewa. Na ile wiki treni ilipokwama Kongolo, bibi alilisha watoto jikoni kwa siri, na babu naye alijifanya haoni midomo inayong'aa mawese.

Akasoma kwa kunong'ona, sauti ikimtetemeka kwa kicheko.

Nyusi za Mama Philomène zikapanda. Zote mbili, juu kabisa. Na huku kwetu nyusi zikipanda hivyo, neno ndiyo linapumzika nyumbani. Mama akainama mbele mpaka miguu ya nyuma ya kiti ikaachana na sakafu, akatoa vidole viwili.

Aya mbili! Guelord akaongeza ya pili, ya bibi peke yake na sufuria yake ya siri. Nyusi zikapanda tena. Halafu mama akapunga mkono: basi, inatosha. Guelord akaweka nukta, akafunika kalamu.

"Mama, aksanti."

"Aksanti ya nini, mwanangu?" Mama Philomène alinong'ona, akivuta kikapu chake chini ya meza. "Kazi ni yako. Mimi sikusema kitu."

Kesho yake mwalimu mkubwa alifika penye midomo inayong'aa mawese, akacheka mpaka akavua miwani. Wenzake wakacheka. Alipomaliza kujifuta macho akasema kazi imekubaliwa, na kwamba hajapata kusoma utangulizi uliochujwa vizuri namna ile.

Guelord hakutembea. Alikimbia mji mzima akicheka peke yake, watu wakimpisha, mpaka chumba cha parokia. Akajitupa kwenye kiti kilekile, mgongo dirishani, akakumbuka KIMYA, akashusha sauti.

"Mama, nimepita! Ni pua yako. Uliponusa ile aya ya wizi, nikatupa. Ukanionyesha kwa midomo, nikamukumbuka babu. Na vile vidole viwili, mama, vile vidole vimeniokoa na simenti."

Mama Philomène akamtazama sana. Akatazama juu ya bega lake. Akashika ncha ya kitenge, akajiziba mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakimtoka. Furaha, Guelord akasoma. Furaha tupu.

Hapo sauti ya mwanamke ikanong'ona kutoka dirishani, nyuma ya shingo yake, pamoja na harufu ya ziwa lote la Tanganyika:

"Mama Philomène, leo mikebuka yangu ni samaki wa asubuhi hii hii, usinikunjie tena pua kama jana. Nikuwekee mbili, ao ungali na huyu?"