Kengele ya Chumba cha Gesi

Kengele ya oksijeni ilikuwa inalia, na Jeruto alikuwa ananicheka kupitia kioo cha mlango.

"Leo sitoki!" akasema. "Umenikimbiza mara tatu na huo mchezo wako!"

Ni kweli. Mara tatu nilibonyeza kitufe cha kujaribu kengele, akatoka mbio, chai imemwagikia koti jeupe. Lakini leo mikono yangu ilikuwa imebeba trei ya mahindi ya kupimwa kutoka mashamba ya Soy.

"Jeruto, toka! Si mimi, haki ya Mungu!"

"Hata juzi uliapa hivyo hivyo."

Baridi ndiyo humpeleka pale, aote joto kando ya mashine inayotengenezea maabara naitrojeni. Dirisha alikuwa amefunga. Nyuma ya mashine paipu ilikuwa imechomoka, na hiyo gesi haina harufu. Inafukuza hewa tu, na anayeikosa hewa hulewa bila kujua.

Namba ya oksijeni juu ya mlango, ambayo kawaida ni asilimia ishirini na moja, ilisoma kumi na mbili.

Tulifundishwa tusiingie. Anayeingia kuokoa ndiye wa pili kuanguka.

Nikaitupa trei, nikapiga kioo ngumi. Akanitolea ulimi. Halafu kikombe kikamtoka mkononi, chai ikamchoma miguu, na yeye akaendelea kutabasamu tu.

Nikavuta pumzi moja kubwa, nikashika mlango.