Magadi Juu ya Kochi

Nzula alitoka kanisani akakuta magadi yamelowa.

Asubuhi aliyanyunyiza juu ya kochi na zulia yakiwa makavu kama vumbi la Kitengela, ili yanyonye ile harufu ya petroli. Mume wake aliangusha jerikeni hapo mwezi uliopita, bahati mbaya, alisema. Tangu siku hiyo Nzula amefua vitambaa kwa ndimu, ameanika mapazia uani, na amekuwa akipikia nje kwa kuogopa moto. Lakini kila harufu ilipopungua, ilirudi.

"Utazoea tu," mume wake alimwambia. Suti zake yeye alishazipeleka kwa mama yake Loitokitok, zisije zikashika harufu.

Sasa kwenye ule unga mweupe palikuwa na mstari mbichi, mwembamba, ulionyooka kutoka mkono mmoja wa kochi hadi wa pili. Kitu kilichomwagika kwa bahati mbaya hakinyooki hivyo. Nzula aliufuata kwa kidole. Ulishuka kwenye zulia, ukaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha kulala. Kidole kikaingia baridi, ile baridi ya petroli inapokauka.

"Bado unasikia harufu?"

Mume wake alikuwa amesimama nyuma yake, begi begani.

Nzula alipangusa kidole kwenye sketi, polepole.

"Hapana. Imeisha kabisa."

"Vizuri," akasema. "Basi leo jioni pikia ndani. Mimi niko na safari ya Loitokitok."