Mafundo Mawili

Nilimkazia mke wangu skafu shingoni, mafundo mawili, baridi isimwingie. Yeye, Ragnhild, ndiye angekuwa wa kwanza kuvutwa juu ya mlima wa theluji na kamba yangu ya mzunguko, iliyoendeshwa na injini ya trekta.

"Hilo likopo lako lisinizimikie njiani!" alisema, mbao za kutelezea thelujini, skii, miguuni, akaishika kamba.

Ukungu ukammeza. Akifika juu, angegonga kengele ya ng'ombe kutujulisha.

Injini ikaelemewa, ikakoroma.

"Umemshindilia viazi, bwana!" jirani akanitania. Kijiji kizima kikacheka. Nami nikacheka, nikaiongeza injini kasi.

Ghafla injini ikawa nyepesi. Kengele haikulia.

Kamba iliendelea kurudi kutoka kwenye ukungu, imelowa, tupu. Kisha ikaleta skafu, imejisokota kwenye kamba pamoja na nywele. Mafundo yangu hayakuwa yamelegea.