Hondohondo na Kigong'ota

Hondohondo alijiziba kwa udongo ndani ya mti ili aatamie, kama desturi ya mama zake, akabakiza tundu dogo la mumewe kumpitishia chakula. Kinda lilipoanguliwa, mume akatoweka.

"Shoga, mumeo kaliwa na mwewe," jirani yake Kigong'ota, ndege mtoboa miti, akamcheka kutoka nje. "Endelea kumwomba Mungu wako humo gizani, tuone!"

Mabawa ya Hondohondo yalikwisha pukutika manyoya, asiweze kuruka, na kinda halikuwa na nguvu ya kulia tena. Akaomba, ingawa moyo ulikwisha kata tamaa.

Ghafla funza akapenyezwa tunduni.

"Mume wangu!"

"Ni mimi, Kigong'ota. Kimya cha mwanao kimenishinda. Mlishe upesi, nikatafute funza mwingine."

Hondohondo akajua mumewe harudi tena. Akamlisha mwanawe, akamshukuru Mungu huku analia.