Jiko la Upande wa Wanamaji

Tangu anga la nchi ligawanywe kati ya majeshi matatu, kila nyumba ililindwa na jeshi moja, na mipaka ilipangwa upya kila asubuhi. Siku hiyo king'ora kilipolia saa nne, Mashavu Kiango alilipigia simu jeshi la nchi kavu.

"Mtaa wenu si wetu tena, mama," askari alimjibu kwa upole. "Waulize wanamaji."

Alipowapigia, mwanamaji alitazama ramani. "Mwisho wetu ni jikoni kwako, dada. Vyumba havimo."

"Ni vya nani basi?"

"Jeshi la anga linashughulika na ndege za juu tu. Vyumba bado tunavijadili nao."

Ndege zisizo na rubani zilikwisha kusikika. Mashavu alimburuta baba yake aliyepooza, yeye na godoro lake, hadi jikoni, akalitoa jiko la gesi nje apate nafasi.

"Na majirani, akina Ngwisa?" baba aliuliza.

Mashavu alitaka kufunga mlango, lakini Mama Ngwisa alikuwa kizingitini, na nyuma yake watu wa mtaa mzima wamebeba watoto.

"Tumeambiwa ni jikoni kwako tu kunakolindwa. Tusogezee kidogo, mwanangu."

Waliingia, wakasimama hata juu ya godoro. Mzee alikanyagwa vidole.

Simu iliita. "Tumekubaliana," mwanamaji alisema. "Mpaka unasogea sasa hivi. Jikoni kwako hakumo tena."

"Wamesemaje?" Mama Ngwisa aliuliza.

Mashavu aliwatazama. Hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

"Wamesema tuko salama," akajibu, akaufunga mlango.